Mama alirudishwa kupima mkojo mara ya pili: maabara walikuwa wanafanya nini siku zote hizo?

Swali kutoka kwa msomaji wa Makorora, Tanga:

"Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 66 na mkojo umekuwa ukimchoma tangu kabla ya Ramadhani. Mara mbili tulimnunulia cipro duka la dawa, akapata nafuu siku chache, hali ikarudi. Hospitali wakasema afanyiwe kalcha, yaani kipimo cha kuotesha bakteria wa mkojo. Mkojo aliukinga nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenye chupa ya asali niliyoiosha vizuri, mapokezi wakaupokea saa tatu asubuhi. Siku ya tatu jibu likaja: 'Mchanganyiko wa bakteria aina tatu au zaidi, rudia sampuli.' Tukalipa upya, safari hii akakojolea pale pale, tukasubiri tena siku tatu. Wakaandika E. coli zaidi ya 100,000, na orodha ya dawa zenye herufi S na R. Cipro ni R, nitrofurantoini ni S. Kaka yangu anasema mara ya kwanza maabara walikosea wakatutoza mara mbili, maana malaria jibu hutoka dakika 20. Naomba unieleze wanafanya nini siku zote hizo, na kwa nini dawa iliyompa nafuu imeandikwa R. Je, akimaliza dozi nimrudishe kupima?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na la kaka yako maana ndilo linalouma. Kwa maelezo haya sioni kosa la maabara. Jibu la kwanza lilikuwa la haki. Mtu mwenye haraka angemchagua bakteria mmoja kati ya wale watatu, akampima dhidi ya dawa, akawapa karatasi iliyojaa herufi. Mngeondoka mmefurahi, na mama angekwenda kumeza dawa ya kumuua bakteria wa ngozi yake mwenyewe huku anayemuumiza amebaki kwenye kibofu. Aliyewaandikia "rudia" alimlinda. Palipopungua ni mwanzo kabisa, pale mlipoambiwa mlete mkojo bila mtu kukaa nanyi dakika mbili awaeleze unavyokingwa. Jambo hili linaniudhi kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halihitaji mashine wala fedha, na bado linaharibu sampuli nyingi kuliko uchakavu wa vifaa vyetu.

Kuhusu malaria: kipimo kile cha haraka hakimtafuti kimelea aliye hai. Kinatafuta protini ambayo kimelea ameimwaga kwenye damu, na ikikutana na kemikali iliyomo kwenye kipimo, mstari unajitokeza. Ipo au haipo, basi. Mkojo nao una kijiti cha namna hiyo, dipstiki, kinachobadilika rangi ndani ya dakika mbili kikikuta dalili za seli za usaha au za bakteria wanaogeuza naitreti kuwa naitraiti. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Lakini ukikiuliza ni bakteria yupi na dawa gani itamuua, hakina jibu. Kwa maswali hayo mawili lazima tumpate bakteria mwenyewe, akiwa hai, akiwa peke yake, na akiwa wengi kiasi cha kutosha kumfanyia majaribio. Hiyo ndiyo kazi ya kuotesha, na inabidi kuotesha mara mbili: mara ya kwanza ili aonekane, mara ya pili mbele ya dawa. Kila mara ni usiku mzima. Siku tatu zako zimetoka hapo.

Tazama hesabu yake. E. coli akipata chakula kizuri na joto la mwili hugawanyika mara moja kila dakika 20 hivi. Mmoja, baada ya saa moja, ni wanane. Baada ya saa tatu na dakika 20 ni 1,024. Zikitimia saa sita na dakika 40 wamepita milioni moja. Doa la bakteria linaloonekana kwa macho, ambalo sisi twaliita koloni, lina mamilioni ya bakteria waliotokana na mzazi mmoja. Sampuli halisi hazina mwendo huo wa karatasi: bakteria aliyetoka tu kwenye mkojo hachangamki papo hapo, na chakula kikianza kupungua naye hupunguza mwendo. Ndiyo maana twaacha sahani, yaani kisahani chenye chakula cha bakteria, saa 18 hadi 24. Na E. coli ni mwepesi. Bakteria wa kifua kikuu hujigawa mara moja tu kwa karibu siku nzima, kwa hiyo makohozi yakioteshwa kwenye chakula chake cha mayai, kile cha Löwenstein-Jensen, husubiriwa wiki tatu hadi nane. Wa ukoma hajapata kuoteshwa kwenye sahani yoyote duniani hadi leo, na wa kaswende naye haoti kwenye sahani zetu hizi za kawaida.

Sasa ingia nami ndani. Mkojo ukifika, mtaalamu anauchanganya taratibu bila kuutikisa hadi utoe povu, kisha anachovya lupu, yaani waya wenye kitanzi kidogo mwishoni. Kitanzi hicho kimepimwa. Kinabeba mikrolita moja, sehemu moja ya elfu ya mililita. Anachovya wima, kwa sababu ukiilaza lupu inabeba zaidi ya kipimo. Anapiga mstari mmoja katikati ya sahani ya Petri, halafu anaukata mstari ule kwa michirizi ya kushoto na kulia, iliyokaribiana, kutoka juu hadi chini. Bakteria wanaburutwa na kutawanyika, kama brashi yenye rangi inayopitishwa ukutani: mwanzo nzito, mwisho vidoa vilivyoachana. Vidoa vilivyoachana ndivyo tunavyovitaka, maana kila kimoja ni ukoo mmoja usiochanganyika na jirani.

Chakula kilichomo sahanini kwa mkojo mara nyingi ni kile kiitwacho CLED. Kina sukari ya maziwa, laktosi, na rangi inayogeuka kunapokuwa na asidi. E. coli huila laktosi na kutoa asidi, hivyo sahani iliyokuwa na kijani cha bluu huamka asubuhi ikiwa ya njano. Asiyeila huacha sahani na rangi yake. Chumvi yake ni kidogo kwa makusudi, ili kumzuia Proteus, bakteria mwenye tabia ya kutambaa mawimbi kwa mawimbi hadi anafunika sahani nzima na kuwazamisha wenziwe. Sahani zikishapandwa hufunikwa na kugeuzwa chini juu kabla ya kuingia kwenye inkubeta, kabati la joto lenye nyuzi joto 35 hadi 37. Wanafunzi huuliza kwa nini zigeuzwe. Ni kwa ajili ya jasho: mvuke hugandia kwenye kifuniko, na tone moja likidondoka juu ya koloni, zilizokuwa mbalimbali zinaelea na kuchanganyika, na kazi ya jana imekwisha.

Kinachokifanya chakula hicho kigande ni agari, na kwa watu wa pwani agari si mgeni, maana inatoka kwenye mwani. Robert Koch, Mjerumani ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alifika hadi pwani yetu hii kufanya utafiti, mwanzoni aliotesha bakteria juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa, halafu juu ya jelatini. Jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili, na kwa joto la Tanga la Februari isingekaa hata mezani. Isitoshe, kuna bakteria wanaoila. Aliyepata dawa ya tatizo hilo ni Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi na Koch. Jikoni kwake alikuwa akigandisha vyakula kwa agari, na mwaka 1881 akamshauri mumewe aijaribu. Agari ikishaganda haiyeyuki hadi ipashwe moto karibu na wa maji yanayochemka, na bakteria wengi hawawezi kuila. Mwaka 1882 Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu aliitaja agari, lakini jina la yule mama hakulitaja. Miaka mitano baadaye, 1887, Julius Petri akatengeneza sahani yenye kifuniko, na hiyo ndiyo tunayoitumia leo. Mwani unaolimwa na akina mama wa Mlingotini kule Bagamoyo na vijiji vya pwani ya Tanga ni wa aina nyingine. Wenyewe hutoa karajinani, inayotumika kwenye vyakula na dawa ya meno. Agari ya maabara hutoka kwenye mwani mwekundu wa jamii ya Gelidium na Gracilaria.

Turudi kwenye sahani ya mama. Asubuhi ya pili mtaalamu anaitoa na kuhesabu. Kwa kuwa lupu ilibeba sehemu moja ya elfu ya mililita, kila koloni moja inasimama badala ya bakteria 1,000 kwa mililita. Koloni 100 ni 100,000, na hapo ndipo penye mpaka uliozoeleka: kuanzia hapo, kwa mtu mwenye dalili na bakteria wa aina moja, twasema huyu ndiye. Mpaka huo si amri ya mbinguni. Mwanamke mwenye dalili za wazi aweza kuwa na bakteria wachache kuliko hao na bado akawa mgonjwa kweli, ndiyo maana fomu ya maabara ina nafasi ya kuandika dalili, na ndiyo maana fomu iliyoachwa wazi inatutesa.

Kwenye sahani ile ya kwanza alikuta njano, nyeupe ndogo ndogo, pengine na kijivu: aina tatu au zaidi, hakuna iliyoizidi nyingine. Kibofu kilichoshambuliwa kwa kawaida huwa na bakteria wa aina moja, mara chache wawili. Wenye mpira wa mkojo wanaweza kuwa na zaidi. Kwa mama asiye na mpira, aina tatu karibu daima maana yake ni bakteria wa ngozi na wa njia ya uke, ambao wapo mwilini siku zote bila kumdhuru mtu, na waliingia chupani wakati wa kukojoa.

Halafu kuna ile safari. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi ni saa nne, na mkojo wenye joto ni chakula kizuri kwa bakteria. Chukua bakteria 1,000 tu kwa mililita, idadi isiyo na maana yoyote ya ugonjwa, waliotoka kwenye ngozi. Waongezeke mara mbili kila nusu saa, mwendo wa kawaida tu. Baada ya saa nne wameongezeka mara 256, wamekuwa 256,000. Uchafu kidogo umevuka mpaka wa ugonjwa ukiwa ndani ya mkoba wako kwenye daladala, na hakuna mtaalamu anayeweza kuurudisha nyuma. Chupa ya asali nayo, hata ungeiosha mara ngapi, haiwi salama kwa kazi hii. Kikopo cha maabara huja kimeshauliwa vijidudu na hakifunguliwi hadi dakika ya kukinga.

Ukingwe vipi basi? Hapa nakuomba umsomee mama kwa sauti. Mkojo ulio bora ni wa asubuhi, au uliokaa kibofuni saa nne au zaidi. Anawe mikono. Ajioshe sehemu za siri kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, wala asitumie dawa za kuulia vijidudu, kwa sababu tone lake likiingia kikoponi litawaua tunaowatafuta. Atenganishe mashavu ya uke kwa vidole vya mkono mmoja na aanze kukojoa chooni. Mkojo wa kwanza uende zake, kazi yake ni kusafisha njia. Bila kuukata, apitishe kikopo na kukinga wa katikati, mililita 10 au 20 zinatosha, akitoe, amalizie chooni. Asiguse ndani ya kikopo wala upande wa ndani wa kifuniko. Kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa mbili. Ikishindikana, ikae kwenye friji, nyuzi joto 4 hivi, isizidi saa 24. Ubaridi hauwaui bakteria, unawazuia tu wasiongezeke. Zipo pia chupa zenye unga wa asidi ya boriki unaofanya kazi hiyo hiyo, nazo zingewafaa sana watu wa Pangani na Mkinga wanaosafiri mbali. Yote haya muuguzi au mtu wa mapokezi anaweza kuyasema kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuandika risiti. Na kwa maoni yangu mgonjwa ambaye hakuelekezwa, akiombwa kurudia, asingetozwa tena.

Mara ya pili sahani ilikuja safi: koloni za njano zilizofanana, zaidi ya 100. Kufanana kwa macho hakutoshi. Mtaalamu huchukua koloni moja, akaipaka kwenye kioo, akaikausha, akaipaka rangi kwa njia aliyoianzisha Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884: urujuani kwanza, ayodini, kisha spiriti au asetoni kwa sekunde chache tu, kisha rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene huishika ile zambarau, hao twawaita Gramu chanya. Wenye ukuta mwembamba spiriti huwavua zambarau wakabaki na wekundu, hao ni Gramu hasi. Chini ya hadubini E. coli ni vijiti vifupi vyekundu. Hatua ya spiriti ndiyo inayowaumbua wanagenzi, kwa kuwa sekunde chache zikizidi, hata Gramu chanya huonekana wekundu.

Baada ya hapo ni maswali madogo madogo ya kemia. Kwa Gramu chanya wa duara unadondosha haidrojeni peroksaidi juu ya koloni: ikitoa povu kwa nguvu una uwezekano wa Staphylococcus, isipotoa fikiria Streptococcus. Kwa Gramu hasi unapaka koloni kwenye karatasi ya oksidesi: ikigeuka zambarau nzito ndani ya sekunde chache, E. coli hayumo, pengine ni Pseudomonas, ambaye mara nyingi huipa sahani rangi ya kijani na harufu tamu kama ya zabibu. Kunusa sahani kumekatazwa kwa usalama, lakini harufu nyingine hazisubiri kunuswa. E. coli hujulikana kwa laktosi yake na kwa indoli, ule mduara mwekundu unaotokea juu ya mrija ukitia kemikali. Klebsiella naye anakula laktosi, lakini koloni zake ni kubwa na zenye utelezi wa kamasi, ukizigusa na lupu zinavutika.

Jioni ya siku hiyo ya pili ndipo uoteshaji wa pili unapoanza, na hapa ndipo penye herufi zako. Koloni chache zinazofanana zinakorogwa kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na mrija wa kulinganishia unaoitwa McFarland 0.5, yaani bakteria karibu milioni 150 kwa mililita. Maji hayo yanapakwa kwa pamba juu ya sahani nzima ya agari ya Mueller-Hinton, kila kona, bila kuacha upenyo. Kisha vinawekwa vidoti vya karatasi vilivyolowekwa dawa, diski, kila kimoja na dawa yake na uzito wake maalumu. Dawa hutoka kwenye diski na kuenea ndani ya agari, nzito karibu, hafifu kadiri inavyokwenda mbali. Usiku mzima bakteria huota na kuijaza sahani isipokuwa mahali dawa ilipowashinda, na asubuhi unaona utando wa kijivu wenye maduara matupu. Unene wa agari hiyo uwe milimita 4. Ikiwa nene zaidi, dawa huzama chini na duara husinyaa, mgonjwa akanyimwa dawa iliyomfaa. Ikiwa nyembamba, duara hutanuka, akapewa isiyomfaa. Nimeona watu wakizimimina sahani kwa kukisia, na kila nikiona hivyo huwa nawafikiria watakaomeza yale makisio.

Maduara yanapimwa kwa rula, milimita kwa milimita, na kulinganishwa na jedwali la kimataifa. S ni kwamba dawa hiyo kwa dozi ya kawaida inatarajiwa kufanya kazi. R ni kwamba bakteria ni sugu. I iko katikati: huenda ikafaa kwa dozi kubwa zaidi, au mahali ambapo dawa hujikusanya kwa wingi. Usilinganishe duara na duara. Kila dawa inaenea kwa namna yake na ina mpaka wake. Kwa E. coli, katika jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, nitrofurantoini ni S kuanzia milimita 17, ilhali cipro hutakiwa ifike 26, na ikiwa 21 au chini ni R. Duara la milimita 20 litaipa nitrofurantoini S na cipro R, maduara yenyewe yakiwa sawasawa.

Wala S si agizo la dawa. Gentamisini inaweza kuwa S na daktari akaikwepa kwa kuhofia figo za mama wa miaka 66. Nitrofurantoini ni nzuri kwa kibofu kwa kuwa hujikusanya kwenye mkojo, lakini haifiki kwa wingi kwenye nyama ya figo, kwa hiyo mwenye homa, baridi na maumivu ya kiuno haimtoshi, na mwenye figo dhaifu haimfai. Muulizeni daktari kama figo za mama zimepimwa.

Kwa nini basi cipro ilimpa nafuu na bado ni R? Inawezekana mwanzoni palikuwa na bakteria wa aina mbili za nguvu: wengi dhaifu na wachache sugu. Dozi ya kwanza ikawaua dhaifu, maumivu yakapungua, sugu wakabaki wakazaana kwa nafasi. Dozi ya pili ikakuta watoto wa wale waliosalia. Inawezekana pia kwamba nafuu ililetwa na maji mengi aliyokunywa, au ni kupanda na kushuka kwa ugonjwa wenyewe. Cipro humshambulia bakteria kwenye kimeng'enya anachokitumia kukunjua vinasaba vyake ili ajigawe, na badiliko dogo kwenye kimeng'enya hicho linatosha dawa isishike tena. Wengine huupata usugu kwa mwenzao, kwa kipande cha vinasaba kinachopita kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Sikulaumu kwa kwenda duka la dawa, mwanangu. Duka liko barazani, foleni iko mbali, na mama analia usiku. Lakini nusu dozi iliyonunuliwa kwa kukisia humchagulia mama bakteria wagumu zaidi.

Kuna jingine hukuliuliza, ila najua litakukuta. Wengi wanaotoka na jibu la "UTI na taifodi" kwa siku moja wamepimwa taifodi kwa Widal, kipimo cha mwaka 1896. Kinatazama kingamwili, si bakteria. Mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine anaweza kuonekana ana taifodi ilhali hana. Mimi siamini Widal moja peke yake, na ninasikitika kuona watu wakidungwa sindano siku tano kwa sababu yake. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu, na damu hiyo iwe ya kutosha: kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kwani katika mililita moja ya damu ya mgonjwa bakteria waweza kuwa mmoja tu au hata asiwemo. Ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Chupa hukaa kwenye inkubeta hadi siku tano au saba kabla hatujaandika "hakuna ukuaji". Na hata hivyo kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa wa kweli, kwa hiyo jibu tupu halifuti dalili anazoziona daktari.

"Hakuna ukuaji" kwenye mkojo nako kuna maana zaidi ya moja. Aliyemeza vidonge juzi anaweza kuwa na jibu tupu huku ugonjwa umebaki. Kisonono hakioti kwenye CLED. Chenyewe hutaka agari ya chokoleti, ambayo haina chokoleti hata chembe: ni damu iliyopashwa moto ikawa na rangi hiyo, na sahani huwekwa kwenye chombo pamoja na mshumaa unaowaka, kifuniko kikabanwa hadi mshumaa ujizimie, kwa kuwa bakteria huyo anapenda hewa ya ukaa. Kwa hiyo, mwenye kuchomwa na mkojo akipata jibu tupu asiridhike akalala. Arudi kwa daktari na kusema kila alichokimeza.

Swali lako la mwisho. Mama akimaliza dozi na mkojo hauchomi tena, usimrudishe kupima. Kwa wanawake wa umri wake ni kawaida kukuta bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote, na wakionekana kwenye karatasi mtu atashawishika kumpa dawa zisizomsaidia. Mjamzito ni habari nyingine, yeye hutibiwa hata asipokuwa na dalili. Lakini maumivu yakirudi, au akishikwa na homa na kiuno, mpelekeni siku hiyo hiyo, mbebe na ile karatasi ya zamani. Asimeze kitu kabla ya sampuli, isipokuwa kama hali ni mbaya na daktari mwenyewe ameamua aanze dawa. Na mkojo aukinge pale pale hospitali.